Vyombo vya umeme na safari za nje: maswali tunayoulizwa kila siku bandani Ngamiani

Banda letu la ufundi lipo Ngamiani, Tanga. Kazi yetu ni pasi, feni, blenda, redio na kusuka mota zilizoungua. Lakini wengi wanaoingia siku hizi hawana chombo kibovu, wana swali. Huyu anakwenda Umra, anataka kujua kama abebe pasi. Yule kaletewa boksi na mwanawe aliyeko Marekani. Mwingine ni baharia, kashuka na kitu chenye maandishi ya Kijapani mwili mzima, anauliza kitawaka au hakitawaka. Nimejibu mpaka nimechoka, tena mara nyingi kwa simu, bega limebana simu na mkono umeshika chuma cha lehemu. Sasa nimeyaandika. Ukiuliza, nitakutumia haya.

Tukubaliane maneno kwanza, maana hapo ndipo watu hupishana. Nikisema soketi ni ile ya ukutani. Plagi ni kichwa cha waya kinachoingia humo. Koili ni ule waya wa ndani unaopata moto kwenye pasi au jagi.

Umeme wa kwetu ni volti ngapi?

Volti 230, hezi 50. Volti ni msukumo, kama tangi la maji juu ya paa: ukiliinua zaidi, maji yanatoka kwa kasi zaidi. Hezi ni mara ngapi kwa sekunde moja umeme unakwenda na kurudi. Mitambo ya maji ya Hale na Pangani Falls, iliyo humu humu mkoani kwetu, ya kwanza ya megawati 21 na ya pili 68, inazungushwa kwa mwendo uliopimwa ili itoe hezi 50 sambamba na gridi nzima.

Hezi hazichezi sana. Zinazocheza ni volti. Saa mbili usiku, kila nyumba imewasha taa, feni na televisheni, mita yangu hapa bandani nimeshaiona ikisoma 190. Alfajiri inarudi 235. Watu husema umeme mdogo na umeme mkubwa, na wako sahihi kabisa. Chombo cha 230 huvumilia mchezo huo kwa kiasi. Kisichovumilika ni chombo kilichoundwa kwa volti 100 au 120 kukutanishwa na 230.

Naenda Mombasa, Pemba, Maskati au Dubai. Ninunue adapta?

Usinunue kitu. Kenya ni volti 240 na soketi zao ni hizi hizi za pini tatu bapa. Pemba ndiyo kabisa: tangu 2010 umeme wao unapita kwenye kebo ya chini ya bahari kutoka huku huku Tanga. Oman ni 240, Falme za Kiarabu 230, wote hezi 50, na soketi ni za Kiingereza kama zetu. Uingereza yenyewe nayo ni hivyo hivyo. Tofauti ya 230 na 240 isikuumize kichwa, hata sisi huifikia 240 usiku wa manane watu wakilala.

Saudia je? Tunakwenda Hija mwaka huu, inshallah.

Hapa kuna jambo kidogo. Soketi utazikuta nyingi ni za pini tatu bapa kama zetu, kwa hiyo plagi itaingia. Lakini kwa miaka mingi Saudia ilikuwa na umeme wa aina mbili ndani ya nyumba moja, volti 127 na volti 220, na sasa wamehamia kwenye 230 hatua kwa hatua. Kwenye jengo la zamani unaweza kukuta soketi ya 127. Hezi zao ni 60.

Chaja ya simu haijali. Pasi ya kwetu ukiichomeka kwenye 127 haitaungua, itapata uvuguvugu tu, na kanzu itabaki na makunyanzi yake. Mama mmoja wa Chumbageni alinijia na jagi la kuchemshia maji, jipya, bado limo kwenye nailoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili nilibebe nisilibebe?"

Nikamwambia aulize kwanza kwa kiongozi wa msafara, maana hoteli nyingi hazitaki vyombo vya moto vyumbani. Akaenda akauliza, akarudi akaniachia jagi nimtunzie. Mpaka leo ndilo tunalochemshia chai, kwa idhini yake.

India kwa matibabu, Guangzhou kwa biashara, Uturuki, Afrika Kusini?

Kundi hili lote volti zake ni kati ya 220 na 230, hezi 50. Chombo chako kitafanya kazi kama kilivyo, tatizo ni matundu tu. India wana pini za duara, zile zile zinazoonekana kwenye nyumba za zamani hapa mjini. Afrika Kusini pini tatu za duara nene kama vidole vya mtoto. Uturuki pini mbili za duara, sawa na Ujerumani. China pini mbili bapa, na nyingine tatu zilizokaa mshazari. Kwa hawa adapta inatosha.

Wafanyabiashara wa Guangzhou nawaomba jambo moja zaidi. Viwanda vya kule vinatengeneza mali ya dunia nzima, pamoja na ya kuuzwa Marekani na Taiwan. Ukiona blenda ileile, rangi ileile, bei imeshuka bila sababu, geuza boksi usome. Ikiwa imeandikwa 110V, ujue ni mzigo uliokosa soko la huko unatafuta wa kubeba. Nimeshaona katoni nzima ya mashine za kusagia viungo imefika Tanga kwa njia hiyo, na mwenyewe hakujua mpaka mteja wa pili aliporudisha.

Marekani na Canada?

Huko ndiko kwenye kazi. Volti 120, hezi 60, pini mbili bapa nyembamba, wakati mwingine na ya tatu ya duara chini. Volti zao ni nusu ya zetu na kidogo.

Watu huuliza kwa nini wasingefanana na wenzao. Ni urithi. Kituo cha umeme cha Edison cha Pearl Street, New York, kilichoanza 1882, kilitoa volti kama 110 kwa ajili ya balbu za wakati ule. Ulaya, Berlin ikiwa miongoni mwa za mwanzo mwishoni mwa karne hiyo, ilipanda mpaka 220, kwa sababu volti zikiwa kubwa waya mwembamba unabeba mzigo uleule. Wamarekani walishajaza nyumba vyombo vya 110, na nani angevitupa? Sisi tulitawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza, ndiyo maana tuko upande huu.

Na Japani?

Volti 100, ndogo kuliko wote. Kichekesho chao ni hezi. Tokyo na mashariki ni 50, Osaka na magharibi ni 60, nchi moja! Tokyo ilinunua mitambo yake ya mwanzo Ujerumani na Osaka ikanunua Marekani, mnamo 1895 na 1896, na mpaka leo hawajazifanya hezi kuwa moja. Kwa hiyo vyombo vingi vya Kijapani vimeandikwa 50/60Hz, lakini volti ni 100 peke yake. Usione "50" ukafurahi.

Kuna ubaya gani nikikata plagi ya Kijapani nikafunga ya kwetu?

Swali hili nalijibu kwa aibu, kwa sababu nilishalifanya.

Nilikuwa bado najifunza kazi. Shangazi alipata sufuria ya umeme ya kupikia wali, ya mtumba, imekuja ndani ya gari kutoka Japani. Nyeupe, ina ua la waridi kwenye kifuniko. Plagi ilikuwa ya pini mbili bapa ndogo, haiingii popote. Mimi nikajiona fundi. Nikakata, nikamenya waya, nikafunga plagi ya pini tatu, nikakaza na skrubu vizuri kabisa. Ilikuwa siku ya Idi, mchele umeshaoshwa, tui limeshachujwa.

Ikawaka. Hapo ndipo palipo na mtego, kwamba iliwaka, na maji yakaanza kuchemka kwa kasi ya ajabu, shangazi akasema Wajapani ni watu. Dakika chache baadaye harufu ya plastiki, kisha moshi kutoka chini, kisha kimya. Wali wa chini ulikuwa mkaa na wa juu mbichi.

Hesabu yake ni hii. Sufuria ile ilikuwa ya wati 600 kwa volti 100. Volti zikizidi mara mbili, moto hauzidi mara mbili, unazidi mara nne, kwa sababu msukumo unapanda na mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita, nao unapanda. Kutoka 100 kwenda 230 ni mara 2.3, na 2.3 mara 2.3 ni zaidi ya 5. Wati 600 zikawa kama 3,170. Koili nyembamba ile ilikuwa inafanya kazi ya majiko matano.

Mbona fyuzi haikukatika? Nilijiuliza hivyo usiku kucha. Wati 3,170 kwa volti 230 ni mkondo wa ampea karibu 14. Fyuzi ya plagi ni ya 13, na fyuzi ya 13 ikipitishwa 14 haikatiki upesi, inaweza kuvumilia saa nzima na zaidi. Fyuzi haikuwekwa pale kulinda sufuria ya shangazi. Imewekwa kulinda waya usiwake moto.

Tangu siku ile, plagi isiyoingia ukutani naichukulia kama mtu aliyesimama mlangoni akakuzuia. Muulize kwanza anazuia nini.

Adapta na transfoma si kitu kimoja?

Hapana, na mchanganyo huu ndio unaotuletea vyombo vingi vilivyoungua. Adapta inabadilisha umbo la pini peke yake. Umeme unaoingia ndio unaotoka, volti 230 kwa 230. Ndani yake hakuna kitu zaidi ya vipande vya shaba. Transfoma inabadilisha volti: ina chuma na nyaya zilizosukwa juu yake, ndiyo maana ni nzito. Kama umeuziwa "transfoma" nyepesi kama kiberiti, fikiri mara mbili.

Zipo pia zile ndogo za kielektroniki za wasafiri, zimeandikwa wati 1,600 na zinaingia mfukoni. Hizo zinakata-kata umeme tu, hazishushi kwa ulaini. Kwa kifaa cha moto mtupu, kama drayer ya nywele, tena kwa muda mfupi, zinafaa. Usizipe redio, kompyuta wala kitu chenye mota. Nami hata kwenye drayer siziamini, ni waja leo waondoka leo.

Nitajuaje kama chombo changu kinahitaji transfoma?

Soma kibandiko. Kwenye chaja kiko kwenye mwili wake, maandishi madogo sana, piga picha kwa simu kisha ukuze. Kwenye pasi kiko kisigino. Kwenye blenda chini ya kitako. Kwenye friji nyuma karibu na kompresa, au ndani pembeni mwa droo ya mboga.

Tafuta neno INPUT. Mfano, chaja ya laptopu iliyo mbele yangu sasa hivi imeandikwa: INPUT 100-240V~ 50/60Hz 1.5A. Maana yake inakubali volti yoyote kuanzia 100 mpaka 240, na hezi zote mbili. Hii ni chaja ya dunia nzima, tafuta adapta tu. Alama ile ya wimbi ni umeme wa ukutani, unaokwenda na kurudi. Mstari unaofuata, OUTPUT 19V, ni unaotoka kwenda kwenye kompyuta. Huo haukuhusu safarini. Watu wengi husoma huo, wakaona 19, wakaogopa bure.

Ikiwa imeandikwa 220-240V, ni ya huku na Ulaya, Marekani haitafanya kazi sawasawa. Ikiwa 120V peke yake, au 100V peke yake, ni ya kwao, na ukiichomeka hapa umeiua.

Ikiwa 110/220V, yenye mstari wa mkwaju, geuza nyuma utafute kiswichi, mara nyingi chekundu, cha kusukuma kwa bisibisi. Kompyuta za mezani za zamani na redio kubwa zilikuwa nacho. Kikiwa upande wa 110 na wewe uko Tanga, utasikia mlio mmoja kama fataki na kazi imekwisha. Watoto hupenda kukichezea. Bandika selotepu juu yake.

Simu, laptopu, kamera?

Karibu zote ni 100-240. Chaja za siku hizi hazina transfoma nzito ya zamani. Zinaugeuza umeme wowote kuwa wa moja kwa moja kwanza, kisha zinaukata kwa kasi kubwa na kuushusha. Ndiyo maana ni nyepesi. Soma kibandiko hata hivyo.

Mwanangu Marekani kaniletea pasi na jagi. Nifanye nini navyo?

Mshukuru, kisha mpe jirani anayesafiri kwenda huko. Sisemi kwa utani. Jagi la wati 1,500 la volti 120, ukilipa 230, linataka kuvuta wati 5,500. Ili ulitumie salama unahitaji transfoma ya wati 2,000 na zaidi, ambayo uzito wake unaweza kupita kilo 10 na bei yake inanunua majagi kadhaa ya hapa. Ukifanya hesabu, unalinda jagi kwa mali inayolizidi jagi.

Kinyume chake nako ni hivyo. Jagi letu la wati 2,000 ukilipeleka Marekani litatoa kama wati 540. Halitaungua. Utasubiri chai mpaka usahau ulikuwa unaisubiri.

Kitu cha moto kinunuliwe kule kinakotumika: pasi, jagi, jiko, drayer, kibaniko cha mkate.

Feni, blenda, friji, cherehani ya umeme kutoka Marekani? Hapo si transfoma inatosha?

Inatosha nusu. Transfoma inabadilisha volti, hezi haiwezi. Mota nyingi za feni na friji mwendo wake unafuata hezi. Iliyoundwa kwa 60 ikipewa 50 inazunguka kwa mwendo wa tano juu ya sita, yaani polepole, na huku inapata joto zaidi kuliko ilivyopangiwa. Feni inapooza upepo. Friji inagandisha kwa shida na kompresa inachoka mapema.

Sisi mafundi tuna dawa ndogo: mota ya 120 ya hezi 60, ukiishusha volti mpaka 100, inatulia joto. Ni kwa sababu volti na hezi zinatakiwa zishuke pamoja, na 120 kwa 60 ni sawa na 100 kwa 50. Nguvu itapungua lakini itaishi. Nimefunga feni mbili hivyo na bado zinazunguka.

Blenda na cherehani nyingi zina mota yenye brashi, ile inayotoa cheche ndogo ndani na harufu kidogo. Hiyo haijali hezi, mpe volti zake sahihi basi. Mashine ya kukunia nazi hapa haimo, hiyo hakuna aliyewahi kuniletea kutoka Marekani.

Friji nasema wazi: usiisafirishe. Nauli ya meli, transfoma, na wasiwasi wa kila usiku, vyote kwa chombo kinachouzwa hapa mjini.

Saa yangu ya mezani kutoka kwa mjomba iko nyuma kila siku. Imeharibika?

Haijaharibika. Saa za aina ile zinahesabu hezi. Imezoea kuhesabu 60, hapa inapewa 50, kwa hiyo kila saa moja inapoteza dakika 10. Saa iliyo kwenye maikrowevu ya Kimarekani inaweza kuwa na ugonjwa huo huo. Maikrowevu yenyewe ina transfoma ya hezi 60 ndani, kwa 50 inachemka na kunguruma, iache.

Mimi ni kinyozi. Nimenunua mashine ya Kimarekani, inapiga kelele kama panya wa bati.

Vinyozi ndio wateja wangu wakubwa kwenye jambo hili, kwa sababu mashine zile ni nzuri kweli na kila mmoja anazitaka.

Ndani ya ile ya waya hakuna mota ya kuzunguka. Kuna koili, sumaku na mkono wenye springi. Umeme unakwenda na kurudi, mkono unavutwa na kuachiwa, wembe unacheza kushoto kulia. Springi imekazwa kwa mwendo wa hezi 60. Ukiitia moja kwa moja kwenye 230 bila transfoma, koili inaungua ndani ya dakika, na kuna harufu ya varnishi ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Ukiipa transfoma, volti zinakuwa sawa ila mwendo ni wa 50, mkono unakosa mahali pake na kugonga. Hapo ndipo kelele inapotoka.

Tazama ubavuni, kuna skrubu moja peke yake. Washa mashine kupitia transfoma, izungushe taratibu kwa bisibisi mpaka kelele kubwa itokee, kisha irudishe kinyume kidogo tu mpaka itulie ikawa mvumo. Usiizungushe na kichwa cha mteja kikiwa chini yake. Nguvu itakuwa pungufu kidogo kuliko kule kwao, nywele ngumu utaiona inasita.

Kama bado hujanunua, mwambie anayekununulia achukue ya betri, yenye chaja ya 100-240. Utaniepuka mimi na transfoma kwa pamoja.

Televisheni ya kutoka nje?

Soma kibandiko kwanza. Ya bapa iliyoandikwa 100-240 itawaka. Kinachowakwaza watu ni chaneli. Tanzania inarusha matangazo ya dijitali kwa mfumo wa DVB-T2. Marekani wana mfumo wao, Japani wao. Televisheni ya Marekani ukiifunga antena hapa itatafuta chaneli mpaka asubuhi na isipate hata moja. Si mbovu. Iunganishe na king'amuzi kwa waya wa HDMI, mara nyingi itaonyesha.

Ninunue transfoma ya wati ngapi?

Soma wati za chombo. Kama hazijaandikwa, zidisha volti kwa ampea: 120V na 2A ni wati 240. Ongeza nusu yake kwa chombo cha kawaida. Kwa chenye mota ongeza mara tatu au zaidi, maana mota inapoanza huvuta mkondo mkubwa kwa sekunde moja mbili kabla haijatulia.

Halafu kuna ninachokiona mwenyewe nikizifungua: transfoma nyingi za bei rahisi zinaandikwa namba zisiyoiweza. Ya "2,000" ukiitazama waya uliosukwa ndani, unaona ni ya 1,000. Ipakate mkononi. Uzito hauongopi. Iliyoandikwa kubwa na ni nyepesi, irudishe kwenye rafu.

Mambo matatu madogo. Transfoma iliyochomekwa inakula umeme hata kama hujawasha kitu, iguse utaisikia vuguvugu. Hizo ni yuniti za LUKU zinakwenda. Ichomoe ukimaliza. Usiifunike na kitambaa cha mapambo, najua sebule zetu. Na hakikisha chombo kimeingia upande wa 110 wa transfoma, kwa sababu nyingine zina matundu mawili yanayofanana, la 110 na la 220, na maandishi yake hufutika.

Stabilaiza yangu si inashusha volti?

Inasawazisha 230, ili ikishuka 190 irudi 230. Haigeuzi kuwa 110. Isipokuwa baadhi zina tundu dogo la 110 pembeni au nyuma; hilo unaweza kulitumia kwa kitu chepesi.

Plagi ya pini mbili haiingii, kwa hiyo huwa nachomeka kalamu tundu la juu. Kuna tatizo?

Mji mzima unafanya hivyo, nami siwezi kujifanya sijawahi. Ila ujue unachofanya. Soketi yetu ina vifuniko vidogo ndani ya matundu mawili ya chini. Pini ya juu ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ni ndefu kuliko wenzake, inaingia kwanza na kuvifungua. Vimewekwa kwa ajili ya mtoto mwenye msumari mkononi. Kalamu yako inavifungua kwa nguvu, na siku moja vinabaki wazi.

Tena pini ya duara kwenye matundu ya bapa haikai. Inalegea, inatoa cheche, soketi inageuka rangi ya chai. Ukiona weusi kuzunguka tundu, ndiyo hiyo. Na plagi ile haina fyuzi, wakati ya kwetu inayo. Adapta yenye fyuzi ni bei ya sahani mbili za chipsi. Adapta ya safari ya dunia nzima, ile ya kusukuma pini zitokee, ni ya chaja. Nyingi hazina ethi, usiitie pasi.

Pawabenki kwenye ndege?

Begi la mkononi, kamwe si la kupakiwa chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Ya milliampea-saa 20,000 ni kama wati-saa 74 (zidisha 20 kwa 3.7), inapita. Isiyo na maandishi wanaweza kukunyang'anya, na huna la kuwajibu.

Sisi mabaharia tunatumia nini melini?

Meli nyingi kubwa zinazalisha umeme wa hezi 60, na kabini zinapewa 110 au 220 kulingana na meli. Muulize fundi umeme wa meli kabla hujachomeka chochote. Redio uliyoinunua bandari ya mbali na ikafanya kazi vizuri kabini miezi sita, isikudanganye ukifika nyumbani.

Fundi, si unaweza kuigeuza tu iwe ya 230?

Inategemea. Kama ndani kuna transfoma ndogo, kama redio na amplifaya za zamani, natoa ile naweka nyingine au naisuka upya. Mota naweza kuisuka, ila gharama ya waya wa shaba tutaizungumza kabla sijafungua. Kitu cha koili ya moto sikigusi, na sababu yake nimeshakueleza, ina ua la waridi.

Nimeshachomeka, pamesikika mlio na moshi umetoka. Nimekiua?

Zima ukutani kwanza, kisha chomoa. Usikiwashe tena "kujaribu". Vyombo vingine vina fyuzi ndani au kizuizi cha joto kilichojitoa mhanga, na hicho nakibadilisha ukisubiri. Vingine ndiyo basi. Kilete, pamoja na waya wake, na plagi yake kama hujaikata.